Shamroki ya Mwaka Ule

Mín Bhán,
Jumapili, 10 Machi 1985

Mdogo wangu mpenzi Manus,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Kifua kimepoa? Na mguu, bado unakuamsha mvua ikitaka kunyesha? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina akili zake lenyewe, na ng'ombe mwekundu ambaye amekataa kushika mimba mwaka wa pili huu na bado anakula kama askofu. Peadar mwanangu anakusalimu, na mkewe, na wajukuu wote. Sadhbh, binti yao, anasomea uuguzi Galway. Akija nyumbani anatueleza habari za damu kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua.

Kabla hujasoma mbele, fungua kopo. Shamroki yako ya sikukuu ya Mtakatifu Patrisi nimeifunga kwenye kitambaa kibichi, majani na mizizi yake. Iweke kwenye kisahani na maji kidogo tu, usiizamishe, si samaki. Nimeichimba mwenyewe jana asubuhi, nimepiga magoti kwenye mteremko wa nyuma ya kisima, pale pale alipokuwa akichimba mama. Peadar alinikuta akacheka. Akasema, mama, hiyo ni klova tu, majani ya malisho, ukiiacha mpaka Juni itatoa maua kama klova nyingine na ng'ombe wataila. Nikamwambia na yeye tukimwacha mpaka Juni bila kumnyoa atakuwa kama kondoo dume mwingine yeyote, lakini bado tutampeleka kanisani. Yule mwalimu mpya aliyetoka Dublin naye alisimama kando ya ukuta akaniuliza kama nimewahi kuokota ya majani manne. Nikamwambia ya majani manne ni bahati ya mtu mmoja, yule aliyeiokota. Hii yetu ya majani matatu ni ya kugawa. Akaandika kwenye kijidaftari chake. Watu waliosoma wanaandika kila kitu.

Sasa usishtuke ukiutambua mwandiko. Anayeniandikia leo ni Róise, ndiyo, Róise wa posta. Amestaafu tangu mwaka juzi, ila kalamu bado anaijua. Nilimfuata baada ya misa nikamwambia nina neno la kumwambia Manus na nataka uandike wewe. Akasema, Nabla, nyumbani kwako kuna watu sita wanaojua kusoma. Nikasema ndiyo, lakini hao sita hayawahusu. Basi amekuja na kalamu yake mwenyewe, hajavua koti, amekaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nimemwambia aanze vile anavyoona inafaa. Sijui ameanzaje.

Barua yako mke wa Peadar alinisomea mara mbili. Nimesikia kwamba daktari amekukataza kukaa peke yako, na kwamba ngazi za hicho chumba chako cha Glasgow zitakuua kabla ya kifua. Unauliza kama chumba cha nyuma kipo. Kipo. Peadar amekipaka rangi na ameziba ule ufa uliokuwa ukiingiza upepo. Godoro nimelianika siku mbili, na hapa kwetu unajua siku mbili za jua hazipatikani kwa kuomba. Nakutaka nyumbani, Manus. Nakutaka mpaka najiona mjinga, kikongwe mzima nasimama mlangoni mwa chumba kitupu naangalia kitanda.

Lakini umeandika neno moja ambalo wiki tatu sasa limenikaa kooni. Umeandika kwamba maishani mwako mtu pekee asiyewahi kukuangusha ni mimi. Kwamba hata posta ilipokuangusha, mimi sikukuangusha. Siwezi kukuacha upande basi ukiwa na neno hilo mfukoni. Nisikilize kwanza, halafu uamue kama utakuja.

Unaukumbuka mwaka wa hamsini na sita. Mama alikufa Januari. Nilikupelekea simu ya maandishi huko Scotland, kwenye kambi yenu ya kuchimba handaki la maji, na tukangoja. Siku tatu tulimlaza mama sebuleni tukikungoja, zaidi ya desturi, mpaka padri akaja mwenyewe kuniambia basi. Wanaume waliobeba jeneza walikuwa watano, majirani tu, na mahali pa mwanawe alisimama muuza mbegu. Watu hawakusema kitu. Ungekuwepo ungesikia jinsi walivyokuwa hawasemi kitu.

Sasa najua ulikuwa umefunikwa na theluji, barabara haipitiki, na simu ilikufikia mama akiwa tayari kaburini. Lakini hayo ulinieleza baadaye sana. Wakati ule nilichojua ni kwamba mimi nilipelekwa Strabane kwenye soko la kukodisha watumishi nikiwa na miaka tisa, nikawafulia watu wasionijua, ili wewe ukae shuleni; na wewe uliyekaa shuleni hukuja kumzika mama. Nililala na hasira hiyo, nikaamka nayo, nikaikanda kwenye mkate.

Machi ikafika. Miaka yote mama ndiye aliyekuwa akikutumia shamroki, na mwaka ule ikawa zamu yangu. Nilijua inavyosubiriwa. Ulikuwa ukituandikia jinsi unavyoigawa asubuhi ya Mtakatifu Patrisi, kila mwanamume wa zamu yenu kipande chake kwenye kofia, na jinsi mwenzenu Condy Rua anavyogoma kuingia handakini kabla hajapata chake. Ulisema wanacheka, lakini wote wanaweka.

Niliichimba, Manus. Hilo ni kweli. Niliifunga vizuri, nikaiweka kwenye kopo la kakao, nikavaa koti. Nilifika hadi kwenye daraja dogo. Pale nikamwona muuza mbegu anapita na mkokoteni wake, akanivulia kofia, na nikakumbuka bega lake chini ya jeneza la mama. Nikageuka. Nilirudi nyumbani nikafungua kopo nikampa mbuzi. Alikula yote, akala na kitambaa.

Hapa Róise ameweka kalamu chini. Nimemwambia andika na hilo, andika kwamba umeweka kalamu chini. Amekwenda dirishani akasimama huko kanipa mgongo, halafu akaniuliza, mbuzi yupi. Nikamwambia yule mweupe, wa pembe moja. Akasema, miaka ishirini na tisa, Nabla. Akatoka. Nilimsikia anafungua geti nikadhani ndiyo basi, barua itabaki hivi hivi na mimi siwezi kuimaliza hata kwa kuchora. Amerudi sasa hivi uso umelowa, anasema ni mvua. Hakuna mvua, Manus. Hilo pia nimemwambia aliandike, na ameliandika, au amenidanganya. Akinidanganya leo namsamehe.

Maana unajua kilichofuata. Siku ya nne baada ya Patrisi ndipo paa la handaki liliposhuka, Condy akafa, na wewe wakakutoa na mguu ambao haukuwa mguu tena. Ukaniandikia kutoka hospitali kwa penseli. Mume wangu Eoghan, Mungu amrehemu, alinisomea. Uliandika kwamba mwaka huu shamroki haikufika, ndiyo maana, bahati yetu imepotelea posta. Uliniuliza kama niliituma.

Pale mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikaufunga. Nikamwambia Eoghan aandike kwamba niliituma mapema na kopo lilikuwa zuri, labda ni posta. Eoghan alimwona mbuzi siku ile. Akaandika nilivyosema, na hakulitaja jambo hilo hadi anakufa. Mwanamume mwema anaweza kukuadhibu sana kwa kunyamaza.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni ile Jumamosi ya mwaka wa sitini na moja, ulipokuja kututembelea na fimbo yako mpya. Uliingia posta, mstari umejaa watu waliokuja kuchukua pensheni, na ukampigia Róise kelele mbele yao wote. Ulimwambia Condy Rua angekuwa hai kama watu wengine wangefanya kazi wanayolipwa. Róise alisimama nyuma ya dirisha lake na muhuri mkononi, mweupe kama bahasha. Hakujitetea. Alisema atatafuta tena kwenye daftari. Na mimi nilikuwa nyuma yako, Manus, na kikapu cha mayai. Nilihesabu mayai.

Kila mtu hapa alijua kwamba ninyi wawili mlikuwa mkiandikiana. Muuza maziwa alijua. Baada ya siku ile hamkuandikiana tena. Wewe hukuoa, na yeye hakuolewa, na kila Machi tangu hapo alikuwa akichukua kopo langu mikononi mwangu, hakuliweka kwenye gunia na mengine. Alifunga duka la posta dakika tano akalipeleka mwenyewe hadi kwenye gari na kumwapisha dereva. Miaka ishirini na miwili, mpaka alipostaafu. Nami nilimpa kopo nikamwambia asante Róise, kama mtu msafi.

Mimi sisemi jani lingezuia mlima. Sijasoma, lakini si mpumbavu. Jiwe likitaka kushuka linashuka, na wanaume wengi wameingia ardhini na shamroki kofiani wakatolewa kwa machela. Ninachosema ni kwamba ulitazama mlango wa kambi kila asubuhi wiki ile ukidhani nyumbani wamekukumbuka na shamroki iko njiani, na haikuwa njiani. Uliingia mle handakini dada yako akiwa amekutupa. Hilo nilikufanyia mimi, si posta, si theluji. Kisha nikamwacha mwanamke mwema abebe mzigo wangu kwa sababu alikuwa akibeba bila kelele.

Naomba unisamehe. Nimeomba kwa Róise pia, sasa hivi, hapa mezani, kwa maneno ambayo sitaki yaandikwe. Amesema nisimharakishe. Haki yake.

Nami sikuharakishi wewe. Ukiona huwezi kulala chini ya paa langu, sema, na Peadar atakutafutia chumba mjini, na chakula nitakupikia na kukuletea mlangoni, na unaweza kukipokea bila kuniangalia. Lakini kama unaweza, basi la Glasgow linapita njia panda kila Jumamosi saa moja asubuhi. Kuanzia tarehe ishirini na tatu nitakuwa pale. Usipokuwemo nitarudi nyumbani kukamua, na Jumamosi nyingine nitakuwa pale tena. Goti litasema litakalosema.

Peadar anauliza kama bado unapenda samaki wa kukaanga na viazi vilivyopondwa. Mkewe anasema ulete nguo za ndani za sufu, huku hakuna cha maana madukani. Mtoto wao mdogo anataka kujua kama ni kweli mguu wako una chuma. Nimemwambia akuulize mwenyewe, kwa adabu. Nisalimie yule mama mwenye nyumba wako, umwambie namshukuru kwa supu.

Ukae salama, mdogo wangu. Jifunike kifua. Nimekwisha sema yote niliyokuwa nayo, na sasa nasikia njaa kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ni mimi dada yako,

X

Nabla, alama yake

Manus,
Amekwenda kukamua, na mstari huu hajui kama nimeuandika. Kila neno hapo juu ni lake, hata yale aliyoniamuru nifute. Nimemkasirikia kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi mara mbili, utaona. Amelia tangu masimulizi yake yalipofika kwenye daraja, na anaapa kwamba ni moshi. Leo nitalala hapa, maana wale sita wa nyumbani mwake hawajui kinachomliza.
Njoo umgombeze mwenyewe. Mimi peke yangu simwezi.
Róise