Rangi ya Shingo ya Nsajigwa

Ngonga, Mei 1912

Kaka yangu Yotamu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye tope la Ngonga. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na wifi Marta, na kwamba watoto wa shule huko Tanga wanakutii zaidi ya nilivyokutii mimi uliponifundisha kusoma kwa kijiti kwenye mchanga wa Ikombe. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka, nakwenda shamba. Mama naye hajambo. Felista, jirani wa Mama, alipita hapa na vyungu vya kubadilisha kwa mchele, akasema kifua kimemwachia Mama na amerudi kufinyanga, na bado anamgombeza kila mtu anayesogeza kuni wakati wa kuchoma. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Barua yako ilifika na watu wa misheni kabla ya mvua kubwa. Nilichelewa kujibu kwa sababu uliniuliza jambo gumu. Umesema Shangazi amekuletea habari kwamba tangu mume wangu Nsajigwa afariki sijatoa chozi, kwamba kwenye matanga wanawake wote walilia na mimi nikakaa nikichambua mchele, na kwamba watu wananisema nina moyo mkavu. Ukauliza kama ni kweli. Ni kweli, kaka. Shangazi hajaongeza kitu, na hilo kwake ni jambo la ajabu.

Acha nikueleze ilivyo, maana wewe hukuwapo. Nsajigwa aliondoka na mizigo ya serikali kwenda Iringa, yeye na vijana wenzake wa kijiji. Walipokuwa wakirudi, mmoja wao, Aliko, alifika hapa peke yake akiwa na nguo ya Nsajigwa mkononi. Akasema ilikuwa homa, kwamba walimzika kando ya njia na waliweka mawe. Nilimkaribisha ndizi. Alikula huku akilia, nami nilimtazama nikiona kwamba ndizi zile hazikuiva vizuri. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na imeendelea hivyohivyo. Ni kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Baadaye likaja jambo lililonitisha kuliko kutolia. Nilipoteza uso wake. Kila nilipotaka kumkumbuka nilipata meno ya Aliko, au macho ya mwalimu wa kanisa, au nilipata mahali pa uso na hapana kitu. Unajua sisi hutembea mume mbele na mke nyuma na mzigo, kwa hiyo shingo yake niliijua sana. Rangi ya shingo ile ningeitambua popote, ilivyo kwenye jua na ilivyo ikiwa na jasho. Lakini shingo haigeuki. Picha hatukupigwa hata moja. Na mtu utamlilia vipi kama akigeuka huoni kitu? Nilitaka uso ule, kaka. Sikutaka kitu kingine.

Wakati huohuo nilipata kazi misheni. Dada yake mchungaji amekuja kutoka Ulaya, sisi tunamwita Bibi Elizabeth. Kazi yake ni kuchora watu na vitu vya nchi hii kwa rangi za maji, ili vichapishwe kwenye kitabu cha kwao. Alianza na vyungu, na kwa kuwa alisikia mimi ni mtu wa Ikombe aliniita nimpangie. Kisha akaniweka nioshe brashi, nibadilishe maji, nikate karatasi. Ni mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayezungumza Kiswahili cha kuamuru hata anapoomba. Sikumchukia.

Sasa nikuambie habari ya rangi, utacheka. Bibi Elizabeth ana masanduku matatu ya rangi, kila moja la kiwanda chake. Moja ni la bati jeusi, la mji wa kwao. La pili ni la Waingereza, alilinunua kwa watu wa Karonga. La tatu ni la Wafaransa, lina picha ya jogoo kwenye kifuniko. Ndani mna vidonge vya rangi vimepangwa kama meno. Katika kila sanduku mna kahawia ambayo alisema ni ileile, ni udongo uliochomwa motoni, na jina lake ni moja pote. Mimi binti wa mfinyanzi sikuona ajabu kwamba udongo mmoja una rangi zaidi ya moja. Yeye aliona ajabu sana, tena alikasirika, maana kidonge chake cha nyumbani kilikuwa kimekaribia kwisha na alitaka kumalizia kazi kwa kingine.

Basi tukawa tunazilinganisha. Tulipaka vipande vya karatasi, tukaviacha vikauke, tukaandika kwa nyuma. Kahawia ya sanduku jeusi ni nyekundu ikiwa mbichi, ikikauka inapauka kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta. Ya Waingereza ni ya baridi, karibu na nyeusi, na chembe zake hutuama kwenye karatasi kama tope la mto Kiwira maji yakipungua. Ya jogoo ina joto na inang'aa, lakini katika unyevu wa huku haikauki kabisa, tena wameichanganya na asali, kwa hiyo asubuhi moja tulikuta sisimizi wamejipanga mpaka ndani ya sanduku. Bibi Elizabeth alipiga kelele. Tulianza kuliweka sanduku lile juu ya jiwe katikati ya beseni la maji. Vipande vingine tulivifunika nusu kwa kitabu, nusu tukaviacha juani dirishani, kuona ipi inakimbia, yaani inafifia kwa jua. Ya Waingereza haikukimbia. Kazi hii niliipenda, kama naweza kusema nilipenda kitu. Ilitaka macho tu.

Ndipo Bibi Elizabeth akatangaza kwamba amepata mzee mwenye kichwa kizuri cha kuchora. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Wewe umekaa pwani siku nyingi, na sisi Wakisi kwa mambo haya si wakali kama Wanyakyusa, kwa hiyo nikukumbushe. Hapa mke hamwoni baba wa mumewe. Hatamki jina lake, na ndiyo maana nami siliandiki hapa kwenye karatasi. Tangu nilipoolewa sijauona uso wake. Yeye akija njiani hukohoa kwa mbali, nami naingia migombani, nachuchumaa, najifunika kichwa mpaka apite. Wenyewe huita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mwalimu wa kanisa ametufundisha kwamba kumwona baba mkwe si dhambi. Hakusema kwamba si aibu. Na wazee husema mke akivunja mwiko huo huumia tumbo lake au nyumba ya mumewe.

Nilimweleza Bibi Elizabeth. Kwanza alicheka, akasema karatasi si mtu. Lakini siku moja mzee alikuja mapema, akakohoa pale kwenye uzio, na Bibi Elizabeth akaniona nikirukia migombani na beseni lake la maji mikononi. Tangu hapo hakucheka. Tukakubaliana kwamba mzee atakuja asubuhi, mimi nije mchana, na picha ikae imefunikwa kitambaa kila nikiwamo chumbani. Alitimiza ahadi yake, sitamsema vibaya.

Kazi ikawa hivi. Asubuhi alimchora mzee barazani, na alipofika kwenye rangi ya ngozi akawa anashika vipande vyetu karibu na shavu lake kuona kipi kinafanana. Mchana aliniletea vilivyoshinda, tukavichanganya upya. Siku moja tulipaka ya jogoo, tukaiacha ishike, kisha juu yake tukapitisha ya Waingereza nyembamba sana. Ilipokauka mkono wangu ulisimama. Kaka, ilikuwa shingo ya Nsajigwa. Ilikuwa ile shingo hasa, wakati wa kutoka shambani, jua likiwa ubavuni. Nilikiweka kipande kile pembeni nikaosha brashi.

Mwisho wake vilibaki vipande viwili. Kimoja kilikuwa cheusi zaidi, na Bibi Elizabeth alisema hicho ndicho kilichokaribia shavu la mzee. Kingine kilikuwa changu, kile cha shingo. Aliogopa kile cheusi kitakuwa kizito kikichapishwa, akaniuliza mimi naonaje. Nilimwambia achukue kile cha pili. Aliniamini akakichukua, akapaka uso wote kwa mchanganyiko ule.

Kesho yake mzee alionyeshwa picha yake. Haya nimesimuliwa na mama mkwe, ambaye alikuwapo. Alisema mzee aliitazama mpaka Bibi Elizabeth akaanza kuzungukazunguka kwa wasiwasi. Kisha akasema hii si rangi yake, yeye ni mweusi, jua limemla tangu zamani. Akauliza ni nani aliyechagua. Bibi Elizabeth, ambaye hajui kuficha kitu, alisema ni Damari. Mzee akauliza kama picha ilikuwa wazi nilipochagua. Akajibiwa kwamba ilifunikwa daima, nilichagua kwenye vipande tu. Mzee aliinuka akaenda zake bila kuaga.

Nilipopata habari hizo nilijua nimekwisha. Nilikunja nguo zangu nikaziweka karibu na mlango, maana nilidhani watanirudisha Ikombe. Siwezi kusema niliogopa. Nilikunja nguo vizuri tu, kama za mtu mwingine.

Juzi mama mkwe alikuja, ameshika kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Tulisalimiana kama kawaida, mwaghonile, nikamwekea kigoda. Alikaa. Kisha akasema Bibi Elizabeth amekubali kuchora picha nyingine kwa kile kipande cheusi, kwa ajili ya kitabu chake, na hii ya kwanza amempa mzee. Na mzee ameituma kwangu. Akanipa maneno yake kama alivyopewa, akiyapima asipoteze hata moja. Mzee alisema: “Mwambieni mke wa Nsajigwa kwamba huyu si mimi. Mimi namjua. Amweke nyumbani mwake, na amtazame.”

Nilisema ndaga fijo, asante sana. Mama mkwe akafungua jani, akaiweka picha juu ya mapaja yake, na mara akaanza kulia kwa sauti, akimwita mwanawe, na majirani wakatoka kuangalia. Mimi nilikaa karibu naye nikatazama kama nilivyoruhusiwa.

Sasa hapa kaka, nakuomba usome peke yako, wala wifi usimsomee, ingawa nampenda. Hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kuiona.

Mchana ule baada ya Bibi Elizabeth kupaka uso, aliitwa haraka kwa mgonjwa. Aliacha picha mezani ikauke, akaifunika kwa kitambaa kilichoinuliwa juu ya vikombe ili kisiguse rangi. Mvua ilikuwa ikinyesha, hapakuwa na mtu barazani. Niliinua kitambaa. Sikusukumwa na shetani wala sikupitiwa. Nilijua kwamba aliye chini yake ni baba mkwe wangu, nilijua jina lake, nilijua mwiko wote kama nilivyokuandikia. Niliwaza kwamba uso wa mwana hutoka mahali fulani, na mahali penyewe pako hapo mezani, na mimi nimekwisha kuutafutia rangi.

Alikuwa Nsajigwa. Paji lilikuwa lake, na sikio la kushoto lililosimama mbali na kichwa, ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa kaka, sikio ambalo nililicheka siku ya kwanza. Mdomo ulikuwa wake alipotaka kusema kitu akaacha. Alikuwa amezeeka tu. Nilimwona akiwa na umri ambao hataufikia. Nilisimama pale mpaka mvua ikapungua, kisha nikafunika, nikamwaga maji machafu, nikaosha brashi zote. Hata wakati ule sikulia.

Kwa hiyo mzee amenipa ruhusa ya kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukichukua. Amesema huyo si yeye ili mimi nisiwe na kosa, na mimi nilipomtazama nilijua ni yeye. Hajui. Sitamwambia, maana nitamwambiaje mtu nisiyeweza kusimama mbele yake? Nimekuambia wewe, ili awepo mtu mmoja anayejua. Sijutii, na hilo linanitisha kidogo, lakini kidogo tu.

Tumbo langu haliumi. Picha iko ukutani, mahali pasipovuja, na rangi ya jogoo bado inanata nikiigusa kwa kidole siku za mvua. Jioni nikitoka shamba nakaa mbele yake. Watu wakikuuliza tena, waambie Damari bado hajalia. Lakini kaka, sasa akigeuka namwona. Sasa namjua nitakayemlilia.

Nisalimie wifi Marta, na mwambie zile shanga zilifika. Wasalimie watoto wako na hao wa darasani pia. Mama anasema unene upunguze, ameona mwandiko wako umenenepa, anadhani na mwenyewe ndivyo. Mungu akulinde huko mbali, na ukipata nafasi uniandikie hata mistari michache.

Ni mimi dada yako mdogo,

Damari