Sukari ya Mama Hamisi

Jumanne, baada ya Isha.

Sukari ilimfikiaje mke wangu, na mgawo wa duka la ushirika haujaja tangu Ramadhani? Hilo watu wa hospitali hawajanijibu vizuri, na mimi si mtu wa kudanganywa. Majembe ya nusu ya mji huu nimeyafua kwa mikono yangu.

Mama Hamisi alijikata mguu kwenye shamba la ujamaa. Kidonda kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu, sasa yuko hospitali, fahamu zinakuja na kupotea. Asubuhi nesi alichemsha mkojo wake na dawa ya bluu kwenye kichupa, ikageuka nyekundu kama tofali. Akasema sukari imejaa.

Anayempelekea uji ni mmoja tu, dada yake Mwajuma. Nikamfukuza wodini mbele za watu.

"Shemeji, uji wangu ni chumvi tupu," akasema.

Nikamwambia atoke.

Nesi akaniita pembeni. "Babu, hakuna aliyempa. Mwili ukipigana na sumu kama ile, wenyewe unamwaga sukari kwenye damu, hata kwa mtu asiye na kisukari."

Mwili si duka.

Jioni kafumbua macho. Hata salamu hakunipa. "Mwajuma yuko wapi?" Nikasema kachelewa. Akageukia ukutani, kijiko changu akakikataa. Naogopa. Asipokula...

Kesho alfajiri naenda kwake Isevya kumchukua Mwajuma. Radhi siombi. Ila uji nitauonja mimi kwanza.