Chumba cha Kusema

Jumatatu, 2 Julai 2001
Butembo. Baridi. Tumeanza kujenga chumba cha pili cha Dokta Phinées. Mimi nabeba matofali. Huyu dokta alisoma Ulaya, lakini hana sindano, hana vidonge — unalala, yeye anakaa nyuma ya kichwa chako, unasema. Basi! Walianza kuja wakimbizi, sasa wake wa wakubwa wanatoka hata Beni. Padri alisema kanisani kwamba anaiba kitubio. Minganga wenzake wa hospitali wanasema ni muongo. Kambere, mwashi wetu, anacheka:
"Bibi yangu anasema muchana yote, na hapana lala!"
Mimi sikucheka. Mke wangu, Sikitu, hajatoa neno tangu mabomu ya kwetu Kisangani, mwaka jana.

Jumatano, 11 Julai
Nilimwomba dokta, akakubali. Leo Sikitu amelala pale. Jirani, Mama Kanyere, alipiga kelele: mutu analala, mwingine anakaa kwa kichwa — ile ni ya kukesha na maiti! Niliogopa kweli. Nikasimama nje na ndoo yangu. Sikitu aliingia kimya, akatoka kimya.

Ijumaa, 20 Julai
Hata askari wanakuja. Leo mmoja alilia ndani, tukamsikia kupitia ukuta. Alitaja kijiji. Alitaja aliyetoa amri ya kuua pale. Kisha dokta akatoka, akaja kwetu:
"Bandugu, mulisikia? Ya humu ndani inabakia humu."
Tukaitika.
Na Sikitu amechezesha midomo! Sauti hapana. Lakini midomo!

Jumatatu, 23 Julai
Komanda wa askari amejua kuna mmoja wao aliyesema kwa dokta. Dokta amefungwa tangu asubuhi. Sokoni wengine wanasema vizuri, mchawi yule. Wengine wamekaa mbele ya mlango wake, wanalia.
Vibarua tumeitwa kwenye bureau ya komanda. Kila mmoja aseme alichosikia ukutani. Kambere ameingia, ametoka. Hanitazami, ananiambia tu:
"Sema tu, ndugu. Utarudi kwako."
Kwangu wapi? Nikisema, yule askari amekufa, na dokta pia labda. Nisiposema — Sikitu atabaki na nani katika mji usio wetu?
Naandika hapa kwenye benchi. Sikitu amenifuata. Amekaa kando yangu, ameshika mkono wangu.
Amesema! Sauti inakwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi:
"Djuma. Hapana sema."
Wananiita —