Bia ya Kopo kwa Mababu

Shangazi, shikamoo. Baridi ya Songea ni ile ile uliyonitisha nayo. Sweta ulilonifumia nalala nalo.

Kazi iliyonileta ni kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka kijisitu chenye makaburi ya ukoo mmoja wa Wangoni. Zamani moto kichaa ukifika pale ulizimika wenyewe kwa unyevu. Siku hizi mvua zinakatika mapema, na nyasi zimeshakauka kabisa. Lakini mila yao hairuhusu jembe kugusa pale kabla mababu hawajamwagiwa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Na mianzi nayo, kwa uhaba huo huo wa mvua, mwaka huu haikutoa kitu. Wanaume wa ukoo wakataka tungoje mpaka mwakani.

Bibi yao akachoka kuwasikiliza. Akaagiza dukani Msamala bia ya kopo, hizi za nje zilizojaa madukani sasa. Akaonja, akakunja uso, akaimwaga yote kaburini.

"Bibi, mababu watakasirika," akasema mjukuu wake mmoja, mtu mzima mwenye mvi.

"Wakikasirika watakuja kwangu. Wakiungua watakwenda kwa nani? Shikeni majembe."

Jioni nilikula ugali kwa dagaa wa Nyasa, viganja vimejaa malengelenge.

Shangazi, nimekukumbuka sana. Sisi kaburi la Babu tunalifyeka Krismasi tu, tukishakusanyika wote. Mwaka huu usitungoje, lifyeke mapema.

Mwanao,
Anselmi