Nimemwahidi mke wangu meli, na mimi naogopa maji

Mpendwa Mama Véronique, mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usilitaje, sema tu ni mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Shari hapa Bunia, anauza magodoro, anaimba besi kwenye kwaya, maana nikijulikana nitakosa pa kuweka uso.

Mimi ni mtu wa Butembo, wa milimani, nilihamia Bunia kutafuta maisha nikamwoa Bernadette, binti wa Tchomia, aliyekulia kando ya ziwa, na tangu tuoane hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda matanga, basi mwaka huu nikasema hapana, na mimi nitamtembeza mke wangu kama watu wengine, na hapo ndipo simu iliponiponza, kwa sababu niliona video ya meli nyeupe kubwa kuliko kanisa letu, juu yake kuna bwawa la kuogelea, watu wamejilaza kwenye viti wanaletewa matunda, nikajiona pale nimevaa miwani nyeusi, mimi ambaye beseni la kuogea likijaa sana huwa nalipunguza.

Ningenyamaza, Mama, ingekuwa sawa. Lakini Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa shukrani, na unajua kwetu mtu hutoa shukrani kwa jambo ambalo Mungu ameshamtendea, mtoto amepona, nyumba imepata mabati, mimi nikatoa shukrani kwa safari ambayo bado, nikabeba kikapu cha mchele na kuku mnono, nikashika mikrofoni nikatangaza kwamba Bwana amenifungulia mlango wa kumpandisha mama wa nyumba yangu melini, wamama wakapiga vigelegele, mchungaji akakemea mawimbi kwa jina la Yesu, kisha kuku akaliwa, na sasa hata nikitaka kuirudisha shukrani yangu sijui nianzie wapi.

Tulipofika nyumbani Bernadette aliniambia, akiniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake, “Papa Ketsia, miye nilikuliya mu mashua. Kama unataka kunitembeza, unipeleke fasi mutu mwingine anapika, na miye niko naikala tu.” Kutaka mahali pa kukaa tu apikiwe, nikaona huo ni uchovu unaongea, nikaendelea kupanga. Meli yenyewe huku kwetu haiko, basi nikawaza nikodi mashua ya wavuvi pale Tchomia, nitandike magodoro yangu mapya, nifunge spika, tuzunguke ziwa, si itakuwa meli? Nikaenda kuijaribu kwa siri na Bruno, mdogo wake Bernadette, ambaye ni mvuvi, nikaingia, nikakumbatia pipa la mafuta, kichwa kikazunguka, nikatapika, nikamlilia anirudishe nchi kavu, na Bruno akaniangalia kwa huruma akasema, “Shemeki, hatuyafungua bado kamba,” yaani mashua ilikuwa bado imefungwa ufukweni.

Tangu siku hiyo napima, maji au barabara. Safari ya majini ina raha zake, sanduku unalifungua mara moja tu na kitanda kinasafiri pamoja nawe, hakuna vumbi, hakuna bariera za kusimamishwa na kulipishwa, na zaidi ya yote hakuna ndugu, kwa sababu nikichukua gari mpaka Mahagi tuvuke kwenda Uganda, kila tutakaposimama kuna shangazi atakayetulaza kwake na kutusimulia kesi ya shamba. Barabara nayo ina matope na gari kuharibika, lakini udongo ni udongo, nikitapika naweza kushuka. Huku nyuma wamama wa kwaya wameshona vitenge vya sare vya kutusindikiza na kila siku wananiuliza tarehe, na Bernadette hata haniulizi tena, ananiwekea chakula na kuondoka kwenda kula na watoto, wakati zamani tulikula pamoja tukicheka mpaka chakula kinapoa. Hilo linaniumiza, Mama. Je, nimeze vidonge vya kuzuia kutapika nipande mashua, au twende kwa gari niseme meli iliharibika, au nitangaze kwamba ziwa limefungwa?

Ni mimi, mtu wa magodoro.

MAMA VÉRONIQUE ANAJIBU

Bwana wa magodoro, jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa kwa maelezo uliyonipa Shari nzima imeshakujua. Pole. Nimecheka barua yako, halafu nikakasirika.

Tuanze na safari. Meli kubwa ni starehe kweli kwa mtu anayetaka kulala, kula na kutofikiri. Lakini ikifika mji wa watu unashuka, unapiga picha, unaitwa kurudi kabla hujajua wenyeji wanakula nini. Na mkigombana katikati ya maji, mmoja wenu ataenda wapi? Barabara inachosha mgongo, lakini gari husimama. Mnashuka, mnanunua mahindi ya kuchoma, mnapatana. Hao mashangazi dawa yao ni rahisi: usimtangazie mtu kwamba unapita. Najua hilo nalo litakupa shida.

Ama ile mashua ya wavuvi, ukitandika godoro haigeuki meli. Inakuwa mashua yenye godoro lililolowa. Na mtu asiyejua kuogelea hapeleki mke wake ziwani kutafuta sifa. Futa kabisa.

Sasa hasira yangu. Binti wa wavuvi unampa mashua kuwa zawadi? Ni sawa na yeye akutembeze kwa kukulaza stoo, juu ya magodoro yako mwenyewe. Alikueleza siku ileile anachotaka, kwa maneno machache ambayo hata mtoto angeyaelewa, na wewe ukayaita uchovu. Meli kuchelewa hakumsumbui hata kidogo. Amenyamaza kwa sababu alisema na hukusikia, akaona hakuna haja ya kurudia.

Uongo wa meli kuharibika uache, maana Bruno ana mdomo na Tchomia si mbali. Jumapili simama tena kanisani, safari hii bila kuku, useme wazi kwamba unaogopa maji na mtakwenda kwa gari. Watacheka. Acha wacheke, hutakufa. Vile vitenge vitavaliwa tu, gari nalo husindikizwa.

Lakini usianze na kanisa, anza na mkeo. Leo ukifunga duka mwambie: “Naogopa maji, na sikukusikiliza. Unataka twende wapi?” Halafu nyamaza. Akijibu usimkatize, usimwongezee spika wala bwawa la kuogelea, na akichagua nyumba ya wageni ndogo, ya kimya, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kukuona, mpeleke hapohapo.