Kioo Kisicho na Mkwaruzo

Kaka yangu,

Huku mvua zimekatika, na dirisha la sebuleni nimelirekebisha mwenyewe.

Kamera uliyoniachia ingali mpya. Ulinisisitizia siku ile unaondoka, "Dada, kioo cha nyuma kisikwaruzike, hutaziona picha vizuri." Basi nilimpelekea fundi, akakibandika plastiki ngumu ya kukilinda. Nikaifunga kwa kitambaa laini, nikaiweka kabatini. Miaka sita nimeifuta vumbi tu.

Baba aliiomba mara moja tu. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lake jeupe.

"Mwanangu, nipige picha tumpelekee kaka yako, asije akasahau sura yangu."

Nikamwambia nimeshika vyombo vya jikoni, nitaichafua, angoje Jumapili. Akacheka, "Haya, mlinzi wa kioo."

Jumapili hakuweza kuinuka kitandani. Niliona vibaya kumpiga picha akiwa vile.

Tulimzika Alhamisi. Simu yako haikupatikana, ndiyo maana naandika.

Jana nilimpelekea fundi kamera aiangalie. Akanisifu kwamba kioo hakina hata mkwaruzo mmoja. Nikaangua kilio mbele yake. Maskini, akadhani ameniudhi, akaniletea kiti na maji ya kunywa.

Najua utaniuliza picha ya mwisho ya baba. Haipo, kaka. Nisamehe.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Bado napika chakula cha watu wawili, kisha nakula peke yangu nimesimama. Ukipata ruhusa kazini, njoo, hata kwa siku mbili.

Ni mimi,
dada yako