Treni Iliyoanguka Kwenye Kona

Mjukuu wangu Sefu,

Marahaba. Huku Ngombezi hatujambo, na shangazi yako wa Sindeni kajifungua mapacha!

Unauliza kwa nini treni yako ya kuchezea inaanguka kwenye kona ya reli uliyotandika sebuleni. Hata yetu ilianguka. Mimi na dada tulitandika reli za mianzi uani, mabehewa tukayaunda kwa makopo ya samaki, tukabadilisha magurudumu mpaka tukachoka.

Asubuhi ya Idi, baba, fundi reli wa shamba la mkonge, akalala kifudifudi vumbini na kanzu yake nyeupe, jicho usawa wa reli, akasukuma behewa moja kwa kidole, polepole.

"Magurudumu hayana kosa. Reli imeinuka hapa."

Akaigonga kwa jiwe, ikalala. Treni ikapita! Tulipiga vigelegele, mama akafoka kwa ajili ya kanzu.

Nawe lala chini, Sefu. Mama yako akifoka, mwambie bibi ndiye kakutuma.